Kugawa kwa Moja

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Taratibu. Usiitafute kwenye ramani, maana wachora ramani walikwisha kuomba kibali cha kuichora na maombi yao bado yanashughulikiwa. Wenyeji walilipenda jina hilo. Mgeni akiuliza kama limetokana na utaratibu wa ofisini au na mwendo wa kobe, walimjibu kwa upole kwamba hawaoni tofauti.

Kila kitu huko kilikuwa na mratibu. Zahanati yenye muuguzi mmoja ilikuwa na waratibu wanne wa wauguzi. Shule yenye mwalimu mmoja ilikuwa na mkuu, makamu wa mkuu na mwangalizi wa makamu. Yule mmoja aliyefanya kazi walimpenda kwa dhati, kwa sababu akiondoka wangebaki wakimratibu nani?

Nchi hiyo ilikuwa na seva moja. Seva ni kompyuta inayozihudumia simu na kompyuta za watu wengine, na hii ilikuwa ya kukodi, iko ng'ambo, mahali panapoitwa winguni ingawa napo ni ardhini kama hapa. Kazi yake ilikuwa kutoa Namba ya Foleni. Serikali ilikwisha kuamua kwamba mgonjwa yeyote anayetaka kutibiwa aombe namba kwa simu asubuhi ya siku hiyohiyo, kuanzia saa kumi na mbili. Bila namba hutibiwi, hata kama daktari amekaa anapiga miayo.

Seva moja ilitunzwa na fundi mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, jina lake Sikudhani Mbaruku. Juu yake walikuwapo waratibu kumi na mmoja wa mafundi. Sikudhani hakuwa na ugomvi nao. Alilelewa na kaka yake mkubwa, Chande, mwalimu wa hesabu, na Mwalimu Chande alimfundisha kuonyesha njia ya jibu, kupiga mstari kwa rula na kusubiri aitwe. Yalikuwa malezi mema, na ndiyo yaliyokuja kumponza.

Sasa Mwalimu Chande alikuwa amestaafu na figo zake nazo zimestaafu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi alazwe kando ya mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Kwa hiyo kila siku ya mashine, saa kumi na mbili asubuhi, Sikudhani alishika simu na kuomba namba kama raia mwingine yeyote, kutoka kwenye seva aliyoitunza kwa mikono yake.

Saa hiyo watu elfu nane walibisha hodi kwa mpigo. Seva ilihema. Ilimjibu mtu kwa sekunde tatu, siku nyingine kwa sita, lakini ilimjibu. Sikudhani alijua kwamba ukimtwika punda mmoja mzigo wa kijiji, kuna siku atalala njiani. Mwezi wa pili alimwandikia Katibu Mkuu wa Wizara ya Foleni na Utulivu barua ya nusu ukurasa, akiomba ruhusa ya kuiongezea seva memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Kazi yenyewe, alieleza, ni kubofya visanduku viwili na kusubiri kama dakika kumi.

Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala.

*

Mwezi wa tano Mheshimiwa Kilindo, Waziri wa Foleni na Utulivu, alirejea kutoka mkutano wa ng'ambo akiwa na begi la vitambulisho na neno jipya. Neno lilikuwa lodi-balansa. Alilisikia wakati wa chai, likamkaa rohoni.

Lodi-balansa, kwa maelezo ya mtu anayeijua, ni programu inayokaa mlangoni mbele ya seva nyingi. Mgeni akija, inatazama ni seva ipi ina nafasi na kumpeleka huko. Ni kitu cha maana sana kwa mwenye seva nyingi.

Neno la kigeni halikuruhusiwa kuingia Taratibu bila kuvuliwa viatu, kwa hiyo lilipelekwa kwanza Baraza la Maneno. Wazee wa Baraza walikaa wiki sita wakatoka na "msawazisha mizigo". Na hapo, msomaji, ndipo balaa lilipoingia kwa mlango wa sarufi. Neno lilikuwa limeangukia ngeli ya watu: msawazisha, wasawazisha. Seva ilikuwa ngeli ya vitu: seva, seva zake. Kwa sheria za utumishi za Taratibu, mtu hawezi kuwa chini ya kitu. Kwa hiyo hata kabla hajanunuliwa, Msawazisha Mizigo alikwisha kupewa cheo, daraja na herufi kubwa, na seva ikaandikwa kuwa ipo chini yake.

Sikudhani aliletewa fomu yenye swali moja: "Je, seva moja inahitaji Msawazisha Mizigo?" Akajibu kwa wino wa bluu: "Hapana. Seva ni moja, hakuna wa kugawiwa."

Fomu ilirudi siku ya tatu. Katibu Mkuu, Bwana Shomvi, alimwita ofisini. Alikuwa mtu laini, sauti yake ya kubembeleza, na mezani kwake hapakuwa na karatasi hata moja kwa sababu zote alikuwa amezipeleka kwa wengine.

"Bi. Sikudhani, umeandika nje ya visanduku."

"Sikuona kisanduku cha jibu langu, Bwana Katibu."

"Vipo viwili. Hiki ni Ndiyo. Hiki ni Ndiyo, kwa Awamu."

"Na Hapana?"

Bwana Shomvi alimtazama kwa huruma. "Hapana si jibu, dada yangu. Hapana ni tabia."

*

Kwa kuwa fundi alikosa jibu, iliundwa kamati ya watu kumi na tisa. Jina la shauri lilikuwa na neno mizigo, kwa hiyo waliitwa wakuu wa Mizani ya Malori. Lilikuwa pia na neno wingu, kwa hiyo alialikwa bwana mmoja wa Hali ya Hewa, ambaye alisoma taarifa ya kurasa thelathini kuthibitisha kwamba mawingu ya msimu ule yalikuwa mepesi na hayakuelemea upande wowote. Alipigiwa makofi. Mtu wa mizani aliuliza seva ina ekseli ngapi. Sikudhani aliposema haina hata moja, mtu wa mizani aliandika: mzigo umekaa chini, hatari.

Kisha Mheshimiwa Kilindo akasimama.

"Ndugu wajumbe," alisema, "wahenga walituachia hazina. Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo tunaye mwenzetu, seva, anapambana na chawa elfu nane peke yake. Elfu nane! Tutamwacha?"

"Hatumwachi," kamati ikaitikia.

Sikudhani alinyanyua mkono. Ulikaa hewani mpaka ukafa ganzi ndipo akaruhusiwa.

"Mheshimiwa, methali ni ya kweli. Lakini msawazisha si kidole cha pili. Ni wa kuviamuru vidole. Kidole kikiwa kimoja, anaamuru nini?"

Waziri alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Umesikia, Katibu? Hata fundi amekiri. Kidole kimeachwa miaka yote hii bila wa kukiamuru."

Wajumbe wakacheka, chai ikaletwa, sambusa zikagawiwa kwa usawa. Kura zilikuwa kumi na tatu za Ndiyo na sita za Ndiyo, kwa Awamu. Mwishoni Bwana Shomvi alikumbuka ile barua ya mwezi wa pili. Kwa kuwa mzigo unakaribia kusawazishwa, alisema, maombi ya memori hayana msingi tena. Aliyaandikia "yamefungwa" kwa mwandiko mzuri.

Jioni hiyo Sikudhani alimsimulia kaka yake. Mwalimu Chande alikuwa kitini, miguu imevimba, kikombe cha maji mbele yake kimepimwa kama dawa maana hakuruhusiwa kunywa zaidi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kugawa kwa moja," alisema. "Darasa la tatu hilo. Namba yoyote ukiigawa kwa moja inabaki ileile, mdogo wangu. Kilichoongezeka ni kwamba na wewe umechoka."

"Kaka, memori naweza kuiongeza mwenyewe. Leo hii, hapa nilipo. Funguo za seva ninazo."

"Umeruhusiwa?"

"Hapana."

Mwalimu alikizungusha kikombe chake bila kunywa. Alikuwa ametumikia serikali miaka thelathini na sita na hakuwahi kupeleka nyumbani hata chaki moja.

"Basi subiri uruhusiwe," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha, sitaanza leo kukufundisha kinyume."

Sikudhani akasubiri. Kama ni kumlaumu mtu hapo, mimi sijui nianze na nani.

*

Msawazisha Mizigo alizinduliwa mwezi wa tisa, siku ya Jumapili, kwa utepe uliofungwa kuanzia mlango wa ofisi hadi kwenye kompyuta ya Sikudhani. Mheshimiwa aliukata, matarumbeta yakalia, na Sikudhani akabofya.

Ikabaki jambo dogo. Msawazisha ana desturi ya kuiuliza seva, kila baada ya muda: U mzima? Seva ikijibu, anaendelea kuiletea watu. Isipojibu ndani ya muda uliopangwa, anaiandika mgonjwa na kufunga mlango, ili apeleke wageni kwa seva nyingine zilizo nzima. Sikudhani alikuwa amempangia avumilie sekunde thelathini.

"Thelathini?" Mheshimiwa alishangaa. "Mtumishi anaulizwa hali yake anakaa nusu dakika? Huo ni uvivu, na uvivu tumeutangazia vita. Weka mbili."

"Mheshimiwa, saa kumi na mbili asubuhi seva haiwezi kujibu kwa sekunde mbili. Itaonekana mgonjwa wakati ni mzima, na hakuna nyingine ya kupokea. Watu wote watakuta mlango umefungwa."

"Bi. Sikudhani," Bwana Shomvi alinong'ona, "kamera zinachukua."

Sikudhani alitazama kamera. Alitazama vidole vyake. Angeweza kukataa, na ni kweli angefukuzwa, na ni kweli angewekwa mwingine ambaye angeandika ileile mbili bila hata kujua ni nini. Yote hayo alijiambia kwa haraka, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Akaandika mbili.

Wakapiga makofi. Neno la siri la Msawazisha likabadilishwa palepale na kukabidhiwa Mratibu wa Usawazishaji, ofisa mpya kabisa, ambaye jioni hiyo alisafiri kwenda kwenye semina ya wiki mbili kuhusu upatikanaji wa maofisa.

*

Jumatatu, saa kumi na mbili, watu elfu nane walibisha hodi. Seva ilihema kama kawaida yake. Msawazisha akauliza, U mzima? Seva ilijibu kwa sekunde ya tatu. Ilikuwa imechelewa. Kwenye simu za watu elfu nane yakatokea maneno ya adabu: "Ndugu mwananchi, utahudumiwa na mhudumu mzima wa kwanza atakayepatikana. Wahudumu wazima kwa sasa: 0."

Seva, kwa kuwa haina watu, ikapumua. Ikapona. Msawazisha akaifungulia, watu elfu nane wakaingia kwa mpigo, ikachelewa tena, akaifunga tena. Wakashinda hivyo siku nzima, mmoja akifungua na kufunga, mwingine akipona na kuugua, na walipata namba watu kumi na watatu.

Wizarani chati ilionyesha mstari uliolala chini. Mzigo wa seva ulikuwa karibu na sifuri. Bwana Shomvi aliupitia mstari ule kwa kidole kama anayepangusa vumbi. "Umesawazika," alisema. "Na malalamiko?" akauliza Mheshimiwa. Hapakuwa na lalamiko hata moja, maana malalamiko nayo yalipokelewa kupitia seva hiyohiyo.

Sikudhani alimpeleka kaka yake hospitali bila namba. Mashine ilikuwa pale, imefutwa vumbi, haina mtu. Muuguzi alikuwa pale pia, mikono kaifumbata.

"Namba, dada?"

"Haitoki. Unamjua kaka yangu. Kila Jumatatu yuko hapa."

"Namjua. Alinifundisha hesabu darasa la sita, huyu ni mwalimu wangu." Muuguzi alitazama chini. "Lakini mashine haiwaki bila kuingizwa namba. Wameifunga hivyo. Na nikiilazimisha, kuna watu wanne wa kuniuliza."

Wale wanne walikuwa nyuma ya kioo, wamekaa, wanaratibu.

Jumatano ilikuwa vivyo hivyo. Mwalimu Chande alianza kuhema kama seva. Sikudhani alirudi ofisini mbio, akaingia kwenye seva kwa mlango wa nyuma ambao ni fundi tu anaujua, akatoa namba moja kwa jina la kaka yake. Aliona aibu kuwaruka watu elfu nane, na aliwaruka. Akaipeleka hospitali imeandikwa kwenye kiganja. Muuguzi aliiingiza. Mashine ilifikiri kidogo, ikaandika: "Namba hii haijapitia kwa Msawazisha."

"Imetoka kwenye seva yenyewe," Sikudhani aliwaambia wale wanne kupitia kioo. "Namba zote zinatoka huko. Hakuna pengine."

Mmoja alifungua dirisha dogo. "Seva ni kitu, mama. Huyu ni ofisa. Kitu hakimpiti ofisa." Akalifunga.

Kitandani Mwalimu Chande alimwita kwa mkono. Uso ulikuwa umejaa maji lakini macho yalikuwa yaleyale ya mbele ya ubao.

"Wahudumu wazima wangapi, wamesema?"

"Sifuri, kaka."

"Watu elfu nane kwa sifuri." Alitikisa kichwa. "Hiyo hata watoto nilikuwa nawakataza. Hesabu yenyewe inakataa."

Alifariki Ijumaa mchana, saa ambayo mashine ingekuwa inamaliza.

*

Walimzika Jumamosi. Sikudhani alibaki nyumbani na wanawake, akasimama dirishani kulitazama jeneza likitoka. Hakukuwa na mratibu. Mtu alitia bega hatua sita saba, mwingine akaja nyuma yake akamgusa, akampokea, wa kwanza akarudi pembeni. Wazee, vijana, wanafunzi wake wa zamani wenye mvi, waliingia na kutoka chini ya mzigo ule bila kuambiwa na mtu, na jeneza lilikwenda juu ya vichwa vyao limenyooka, halikuyumba hata kwenye kona. Alilia hapo kuliko alivyolia msibani kote. Watu hawa wote walijua, alifikiri. Hakuna asiyejua mzigo unagawiwaje.

Jumatatu, tanga likiwa halijaondolewa, alirudi kazini kabla ya saa kumi na mbili. Mezani alikuta barua. Kamati ilikuwa imekutana kwa dharura na kubaini tatizo: Msawazisha Mizigo aliachwa afanye kazi peke yake, ilhali kidole kimoja hakivunji chawa. Ingeongezwa nafasi ya Msawazisha wa Pili, na wa tatu wa kuwagawia hao wawili kazi.

Sikudhani aliikunja barua. Alifungua ukurasa wa seva na kubofya visanduku viwili vya memori. Kisha akachukua ile anwani iliyowapeleka watu mlangoni kwa Msawazisha, akaielekeza kwenye seva moja kwa moja, na kwenye mashine za hospitali, ambazo nazo zilipokea amri kutoka seva hiyohiyo, akaandika kwamba namba ya seva inatosha. Alitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika tisa. Alikaa ameweka mikono mapajani. Ilikuwa rahisi hivyo, na hilo lilimuumiza.

Saa kumi na mbili watu elfu nane walibisha hodi. Seva iliwajibu wote kabla hawajamaliza kupenga kamasi.

Redio ya taifa ilitangaza mchana kwamba tangazo tu la kumwajiri Msawazisha wa Pili lilitosha kuinua morali ya seva. Jioni Bwana Shomvi alikuja mwenyewe na fomu. "Je, seva moja inahitaji Wasawazisha wawili?" Ndiyo. Ndiyo, kwa Awamu.

Akiandika ukweli, wangekuja kuangalia alichofanya. Wakiangalia, wangekirudisha kilivyokuwa. Kesho saa kumi na mbili kulikuwa na kaka za watu wengine. Sikudhani aliweka alama kwenye Ndiyo.

"Ahsante sana," alisema Bwana Shomvi. "Na hapa chini, muda uliotumika."

Aliandika: dakika tisa.

Katibu Mkuu aliguna kwa upole, akamrudishia kalamu. "Futa hiyo, dada yangu. Hakuna kazi ya dakika tisa katika nchi hii, watatucheka. Andika miezi. Ule mradi wako ulianza mwezi gani, wa pili? Basi andika miezi saba."

Sikudhani alifuta, akapiga mstari kwa rula kama alivyofundishwa, akaandika miezi saba. Na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli.